Rubani wa Itumbe Aliyekataa Kuruka

Siku ambayo jina la Jemimah Nyanchoka lilianza kutajwa vibaya kutoka Suneka hadi Itumbe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nne. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama chini ya bawa la ndege, mikono ameikunja kifuani, akitazama magari mawili makubwa yakiingia kiwanja cha ndege cha Suneka huku yakirusha tope pembeni. Abiria walitakiwa kufika saa tano asubuhi. Sasa ilikuwa saa nane kasorobo.

Wa kwanza kushuka alikuwa Nyakundi, mkandarasi wa barabara aliyejulikana Kisii nzima kwa kofia yake pana na kwa kutopenda kungojeshwa. Alikuwa amekodi ndege ya kuwapeleka watu wanne Nairobi, yeye akiwa mmoja wao. Nyuma yake wakashuka watu wanne wengine, ikawa jumla ni watano. Baada yao yakashushwa masanduku, katoni mbili za maparachichi na mikungu mitatu ya ndizi.

"Captain, samahani, mkutano umetuchelewesha," alisema Nyakundi. "Tupakie twende."

Jemimah alimsalimia kwa heshima, akampa mkono, kisha akauelekeza mkono huohuo upande wa ziwani. Mawingu yalikuwa yamejengeka huko marefu, juu meupe, chini meusi kama tako la sufuria ya kuni. Upande wa Manga na Keroka, ambako ndege ingepita, mengine yalikuwa yameanza kupanda.

"Leo haturuki tena, mzee," alisema. "Tutaruka kesho saa moja asubuhi. Na tutaruka watu wanne, na mizigo nitakayokuwa nimeipima."

Nyakundi alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoona mwanamke huyo hacheki, akainua uso angani.

"Mbona hapa juu yetu ni jua tu?"

"Hapa ni jua, ndiyo. Lakini ndege haitakaa hapa."

"Nina mkutano Nairobi saa kumi na moja. Watu wa wizara wananingoja."

"Nimekuelewa. Na mimi nilikungoja tangu saa tano. Saa tano tungekwenda."

Hapo kofia ikavuliwa. Nyakundi aliwageukia watu wake, akawauliza kwa Ekegusii kama wamewahi kuona dereva anayemwambia mwenye safari kwamba hataki kuendesha. Wakacheka. Jemimah alisikia kila neno, maana ndiyo lugha aliyonyonya nayo. Nyakundi akatoa simu na kumpigia Ishmael Anyona, mwenye kampuni, aliyekuwa ofisini kwake uwanja wa Wilson, Nairobi. Akaifungulia sauti ili kila mtu asikie.

"Jemimah," sauti ya Anyona ilitoka ikiwa laini. "Ninakuomba kama dada yangu. Hali ikoje?"

"Boss, saa saba imepita. Mawingu yanapanda pande mbili, jua ni kali, hewa imekuwa nyepesi haibebi ndege vizuri, na nimeletewa mtu mmoja zaidi na mzigo ambao sikuambiwa. Siruki."

"Unajua huyo ni nani?"

"Ninamjua. Mawingu ndiyo hayamjui."

Kisha sauti ikabadilika.

"Mwenye kampuni ni mimi au wewe?"

"Kampuni ni yako, boss. Usukani leo uko kwangu."

Ingeishia hapo, lakini kulikuwa na ndege nyingine kiwanjani siku hiyo, ya kampuni hiyohiyo. Rubani wake, Ian, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye mkono mzuri wa kuendesha, alikuwa ameleta wapimaji ardhi kutoka Kisumu asubuhi na alikuwa anakula mahindi ya kuchoma kando ya ua. Anyona akampigia yeye. Ian aliitazama anga, akamtazama Jemimah, akafuta mikono kwenye suruali. Jemimah hakumwambia kitu. Kila rubani ana ndege yake na kichwa chake.

Ndizi na maparachichi yaliachwa kando ya ua. Watu watano wakapanda. Saa nane na dakika ishirini ndege ya Ian ilikimbia njia yote ya kurukia, ikainuka mwishoni kabisa kwa uvivu, ikapita juu ya mikaratusi na kupotelea mashariki. Dakika arobaini baadaye mvua ya mawe ikashuka Suneka kama changarawe inayomwagwa na lori, na Jemimah, aliyekuwa ameshaifunga ndege yake kwa kamba pande tatu, akajibanza kwenye kibanda cha mlinzi.

Mvua ilipokatika, simu ikalia. Ilikuwa picha: Nyakundi na wenzake wanne wakiwa Wilson, wakavu, meno nje. Ian naye alikuwa ameandika neno moja, "Salama." Kufikia jioni Nyakundi alikuwa ameiweka picha ile mtandaoni na maneno yake chini: wengine ni marubani, wengine ni makondakta wa ndege. Watu mia sita na zaidi walicheka chini ya maneno hayo, na wengi wao walikuwa wa kwao.

Waliomfahamu Jemimah tangu utotoni walishangaa. Huyu alikuwa binti wa Manasseh Ogeto wa Itumbe, mzee wa kanisa la Waadventista aliyefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mashine za kiwanda cha chai. Alikuwa mtoto aliyeshuka mlima kwa baiskeli isiyo na breki. Alifundisha fizikia shule ya wasichana kwa miaka sita, kisha akaacha chaki na kwenda kusomea urubani akiwa na miaka thelathini, wakati wenzake walikuwa wanajenga nyumba. Mtu kama huyo kuogopa mawingu? Pale Nyakoe, ambako aliteremka kununua mkate siku ile akielekea nyumbani kwa baba yake, mwendesha bodaboda mmoja alimwambia bila kumung'unya maneno, "Madam, hiyo mvua ilikuwa ya saa tisa. Mwenzako alishapita."

"Ni kweli alipita," Jemimah alijibu, akapanda gari.

Jambo ambalo hakumwambia mwendesha bodaboda, wala hakuwahi kumwambia mtu yeyote mpaka siku hiyo, ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewahi kupita.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, mwezi wa kumi na moja, kiwanja kilekile cha Suneka. Saa tisa alasiri, abiria wenye haraka, usiku uliotangulia amelala kwa muda wa saa nne tu, na mawingu yaleyale. Alijiambia yana upenyo. Yalikuwa nao, mpaka alipofika katikati yake. Mbele ya Keroka hewa ilikatika chini ya ndege kana kwamba mtu ameondoa sakafu. Alisukuma nguvu zote za injini, pua ikatazama juu, na bado ndege ilikuwa inashuka. Alishuka mpaka akaona wanawake kwenye shamba la chai, akaona vitambaa vyao vya kichwani, kimoja cha manjano, akaona yule wa manjano anainua uso na kuacha kuchuma. Kisha hewa ikamwachilia. Hakuwa amefanya lolote la ustadi. Aliachiliwa tu.

Walipotua Nairobi abiria walipiga makofi. Mmoja alimshika bega akamwambia, "Captain, wewe ni mwanamume kamili." Jemimah akatabasamu, akawaaga mmoja mmoja, kisha akaenda chooni. Alisimama mbele ya sinki karibu nusu saa. Lililomtisha kuliko ile hewa ni yale makofi. Alijua kwamba kesho angetaka kuyasikia tena.

Jumapili iliyofuata alinunua daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaandika masharti yake. Hayakuwa ya serikali wala ya kampuni. Yalikuwa yake, na yalikuwa makali kuliko yale ya serikali. Msimu wa mvua, saa saba ikipita akiwa Suneka, haruki. Mzigo usiopimwa haupandi. Akiwa hajalala kwa muda wa saa sita, haruki. Akiwa na homa, akiwa amegombana na mtu, akiwa na jambo linalomla moyoni, haruki, hata anga iwe safi kama kioo. Na chini kabisa akaandika sharti la mwisho: masharti haya hayabadilishwi nikiwa kiwanjani. Aliyaandika akiwa ametulia, kwa ajili ya yule Jemimah atakayekuwa amebanwa, kwa sababu alishamfahamu huyo wa pili na hakumwamini.

Jioni ile ya Alhamisi alimkuta baba yake ameketi barazani amevaa koti la mvua, redio ikiwa chini. Wagusii humwita baba Tata, na Jemimah hakuwahi kumwita vingine.

"Tata, umeshasikia," alisema.

"Nimepigiwa na watu wanne," alisema Manasseh. "Wa tano nikamwambia simu inaisha chaji. Sema wewe sasa."

Akamweleza. Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka na mkate ulikuwa bado mkononi, akamweleza na habari ya Keroka. Mzee alisikiliza bila kukatiza. Alikuwa mtu wa mashine. Alijua joto, mvuke na uzito.

"Kiwandani tulikuwa na kijana aliyekuwa akiingiza mkono kwenye mashine ya kukata majani bila kuizima," alisema mwishowe. "Alikuwa akitoa majani yaliyokwama. Alifanya hivyo miaka minane. Alikuwa mwepesi kuliko sisi sote, na wakubwa walimsifu."

"Ikamkata?"

"Haikumkata. Alistaafu na vidole kumi. Yuko hapo Ting'a, anafuga nyuki." Mzee akageuka kumtazama. "Lakini mimi nilikuwa naizima kila mara. Walinicheka miaka minane, na kila mara nikaizima."

Mzee akainuka kwenda kumtafutia chai.

Jumatatu Jemimah aliitwa ofisini. Anyona alikuwa mtu wa Nyamira, mzaliwa wa karibu na kwao, na alikuwa ameianzisha kampuni kwa ndege moja kuukuu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ndege nne, marubani wanne, na wateja ambao wangeweza kwenda kwa mwingine. Alimsukumia Jemimah karatasi mezani.

"Ni barua ya kumwomba Nyakundi radhi. Weka sahihi, tusahau mambo haya."

Jemimah aliisoma yote. Ilisema kwamba alikosea kuisoma hali ya hewa.

"Sikukosea kuisoma," alisema.

"Ian alipita."

"Alipita. Na mimi nimewahi kupita mara ambayo sikustahili, boss. Kupita si ushahidi."

"Wateja hawataki falsafa. Weka sahihi."

"Siweki."

"Basi nitaandika barua nyingine, ya onyo, itakaa kwenye faili lako. Na utakaa nyumbani wiki tatu."

"Hiyo nitaipokea, kwa sababu itasema ukweli. Andika kwamba nilikataa."

Akatoka. Nje, kando ya mapipa ya mafuta, Ian alikuwa akimngoja, mikono mifukoni.

"Dada, sikutaka kukuharibia," alisema.

"Hukuniharibia."

"Ile ndege ilikuwa nzito kuinuka. Lakini baada ya hapo nilipita vizuri. Kweli vizuri. Hata haikutikisika."

"Nakuamini," Jemimah akasema. "Hilo ndilo linalonitia wasiwasi juu yako."

Ian hakuelewa, au hakutaka kuelewa siku hiyo. Waliagana kwa amani.

Wiki tatu zilipita, akarudi kazini. Nyakundi aliendelea kukodi ndege za kampuni kwa sharti kwamba asipewe yule mwanamke. Marubani wa kampuni nyingine wakampa jina la Mama Saa Saba, na mtu mmoja akamtania kwa jina hilo hata kwenye mgahawa wa uwanjani, mbele ya watu, akimwuliza kama supu inaruhusiwa baada ya saa hiyo. Jemimah akanywa supu yake. Lile jina akalizoea, kisha taratibu akaanza kuliitikia. Mtu akipiga simu akiuliza, "Ni Mama Saa Saba?" anasema, "Ndiye. Unataka kuruka saa ngapi?"

Kisha ukaja mwezi wa saba.

Jumanne jioni kaka yake alipiga simu kutoka Itumbe. Tata alikuwa ameanguka katikati ya michai, upande mmoja wa mwili umelegea, na alikuwa amepelekwa hospitali mjini Kisii. Jemimah hakulala. Alikaa na simu mkononi mpaka kukapambazuka, akiomba, akipiga, akipigiwa. Asubuhi, kabla hajaoga, Anyona naye akapiga.

"Nimesikia habari za mzee," alisema, na safari hii ulaini wa sauti haukuwa wa kuomba kitu. "Ndege iko tayari. Imejazwa mafuta. Chukua uende, usiwaze habari ya gharama. Mbingu ni safi mpaka Kisii, nimewauliza watu wa hali ya hewa."

Jemimah alifungua dirisha. Ilikuwa kweli. Hakukuwa na wingu hata moja. Ndege tupu, yeye peke yake, asubuhi ya baridi, injini ingevuta kwa raha. Angetua Suneka saa tatu. Alianza kuvaa sare, akafunga vifungo viwili vya shati, na kidole chake kikashindwa kukipata cha tatu. Akakitazama. Kilikuwa kinatetemeka.

Akaketi kitandani.

Alibishana na nafsi yake pale kwa dakika kumi, na wanaomfahamu wanasema ndiyo mabishano magumu aliyowahi kuwa nayo, kuliko ya Nyakundi, kuliko ya Anyona. Alijiambia hii ni safari moja. Alijiambia hakuna abiria, akifa anakufa peke yake. Akaona kwamba hayo ndiyo maneno ya mtu aliyebanwa, na kwamba masharti hayakusema "isipokuwa akiwa ni Tata." Alikuwa amewakatalia watu wenye haraka zao kwa miaka mitatu. Kama haraka yake yeye ingeruhusiwa, basi hakuwa na masharti. Alikuwa na kiburi tu.

"Boss," alisema alipompigia tena, "Mungu akubariki. Ian yupo aniendeshe?"

"Ian yuko Lodwar mpaka kesho. Na wale wawili wako hewani. Ni wewe tu."

"Basi nitakwenda kwa gari."

"Jemimah. Ni baba yako."

"Ninajua ni baba yangu. Ndiyo maana siwezi kuruka."

Ruth, mhasibu wa kampuni, aliacha kazi zake na kumwendesha. Waliondoka Nairobi saa moja unusu, wakaingia Kisii saa nane na nusu. Njia nzima Jemimah hakulia. Alitazama mbingu ile safi juu ya Narok, safi juu ya Bomet, na kila alipoitazama ilimchoma.

Manasseh alikuwa hai. Lakini saa sita mchana kiharusi cha pili kilikuwa kimempata na kumchukua ulimi. Mpaka saa sita alikuwa akizungumza. Alikuwa ameomba uji, ameuliza habari za ng'ombe, na mara tatu alikuwa ameuliza kama Nyanchoka amefika.

Aliyemweleza hayo alikuwa shangazi yake Gesare, dada mkubwa wa Manasseh, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kanisani. Alimweleza wakiwa kwenye korido ya wodi, mbele ya ndugu saba, na hakupunguza sauti.

"Mara tatu," alisema Gesare. "Nikamwambia anakuja na ndege, atafika sasa hivi. Nikatoka nje kutazama juu. Nimemdanganya ndugu yangu. Wewe ulikuwa na ndege, mtoto wetu. Ulipewa bure, tumesikia. Ukaja kwa barabara kama mtu wa kuuza vitunguu."

Jemimah alijua hakuna mtu pale ambaye angemtetea. Kaka yake alikuwa anatazama sakafu. Jemimah hakuwa na hasira na shangazi. Shangazi alikuwa anasema jambo lililotokea. Lakini aliinua uso.

"Nilikuwa na ndege, shangazi," alisema. "Sikuwa na rubani."

"Rubani si wewe?"

"Mimi jana usiku sikulala hata dakika moja. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, hii hapa, nilishindwa kufunga shati. Huyo si rubani, ni mtoto wa mtu mgonjwa. Nimemleta huyo. Kama ningemweka kwenye ndege, pengine angefika saa tatu, na Tata angemwona. Pengine leo mngekuwa na watu wawili wa kulilia. Sijui ni lipi lingekuwa, na wewe hujui. Nilikataa, na hata ukiniuliza mbele ya kitanda chake nitasema nilikataa."

Gesare akageuza uso. "Maneno ya vitabu," alisema. Kisha akampisha aingie.

Ndani, Jemimah alishika mkono wa baba yake ule uliokuwa bado na nguvu, na mkono ukamminya. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa muda mrefu.

Mzee alikaa hospitali wiki tano. Jemimah aliomba likizo, akamlisha, akamnyoa, akajifunza mazoezi ya ulimi ambayo mtaalamu wa hospitali alimwonyesha, akamfanyisha kila siku asubuhi na jioni kama alivyokuwa akiwafundisha wasichana kanuni za mwendo: tena, tena, tena. Ukoo ulimsemea pembeni. Alisikia kwamba alikuwa na roho ya chuma, kwamba kazi za wazungu zimemharibu. Hakwenda kwa mtu yeyote kujieleza. Aliyetaka kuuliza alikaribishwa, akaketi, akajibiwa. Na walikuwa wachache.

Alipokwenda Nairobi mara moja kukusanya nguo, Anyona alimwita ofisini na kufunga mlango. Mkononi alikuwa na faili.

"Nilidhani unafanya ukaidi kwa wateja," alisema. "Kwamba hupendi kuamrishwa. Kisha ukalikataa hili la baba yako, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angekulaumu ukiruka. Nimelala nikiliwaza." Akatoa ile barua ya onyo. "Chukua. Ichane."

Jemimah aliitazama barua, akairudisha ndani ya faili, akalifunga.

"Iache," alisema. "Siku moja atakuja rubani mwingine hapa, labda msichana, na atabanwa kama mimi. Akifungua faili hili nataka aone kwamba mtu alikataa, akaadhibiwa, na bado alikuwa anafanya kazi hapa."

Anyona akacheka kidogo, kwa aibu. Nyakundi mpaka leo hapandi ndege ya Jemimah. Lakini Ian, mwezi huo huo, alimpigia simu akamwambia kwamba ameahirisha safari moja ya kutoka Lodwar kwa sababu ya upepo wa vumbi, na kwamba mteja amemtukana matusi ambayo hajawahi kuyasikia. Jemimah akamwuliza alijisikiaje.

"Vibaya," Ian alisema.

"Utazoea," alisema Jemimah. "Matusi yanazoeleka."

Ulimi wa Manasseh ulianza kurudi mwezi wa tisa, kwanza kwa vipande, kisha kwa sentensi fupi zilizokwama kwenye herufi fulani. Jumapili moja ya mwezi wa kumi Jemimah alikuwa Itumbe, wakiwa wameketi nje kwenye jua la asubuhi, mzee na fimbo yake, shangazi Gesare akichambua mboga za chinsaga kwenye ungo. Michai ilikuwa imefunikwa na umande hadi bondeni. Jemimah alikuwa amelibeba swali miezi mitatu, na aliona afadhali aulize shangazi akiwepo.

"Tata, siku ile uliniulizia mara tatu. Nilikuwa na uwezo wa kuja mapema, sikuja. Nataka uniambie ulivyojisikia."

Mzee alichukua muda kuyapanga maneno.

"Nilikungoja," alisema. "Nilikungoja sana. Niliumia."

Gesare aliacha kuchambua. Jemimah aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ametumaini kusikia jambo jingine, na sasa alijua hatalisikia, na hakumlazimisha.

"Pole, Tata. Ninajua uliumia."

"Na siku nyingine?" aliuliza shangazi, mboga mkononi. Sauti yake haikuwa ya korido ile. Alikuwa anataka kujua kweli. "Akiugua tena, na wewe uko kwa ndege zako, hujalala?"

"Nitakuja kwa gari, shangazi," alisema Jemimah. "Nitalia njiani na nitachelewa, na mtanisema. Lakini nitakuja kwa gari."

Gesare alimtazama kwa muda, kisha akamtazama ndugu yake. Manasseh alikuwa anatazama michai yake bondeni, nusu ya mdomo wake imepanda, na haikuwa rahisi kujua kama ni tabasamu au ni ule ugonjwa.

"Sogea hapa basi," Gesare akamwambia mpwa wake, akausukuma ungo katikati yao. "Siwezi kuzichambua zote mimi peke yangu na wewe umekaa."